Miche Iliyomwelekea Fundi Taa

"Mungu wangu, nani ameyafanya hivi?"

Ndilo neno la kwanza Mwalimu alilolitamka ukumbini siku ile, siku aliyoingoja miaka minne, akiwa amesimama katikati ya viti na mkoba ungali begani. Hakusalimu. Hakuuliza habari za likizo. Macho yake yalikuwa jukwaani, kwenye sanduku refu la mbao lililojaa udongo, ambamo siku kumi na nne kabla alikuwa amepanda maharage sitini kwa mkono wake. Yalikuwa yameota, hilo hakuna wa kulipinga. Lakini yalikuwa yamepinda! Marefu, membamba, yote yameinama upande mmoja kama watu waliosikia wakiitwa. Na upande wenyewe ulikuwa ule asioutaka kabisa, upande wa watazamaji.

Usimcheke. Kwako wewe maharage ni mboga, kwake yalikuwa kazi ya maisha. Mwalimu alifundisha sanaa za maonyesho chuoni, na utafiti wake ulihusu michezo ya kuigiza ya wakati ujao, ile ya vyombo vya angani na mashine zinazofikiri. Alikuwa ameisoma mpaka macho yakamuuma, na kila mahali alikuta jambo lile lile: mti ukipandishwa jukwaani, lazima uzungumze na binadamu, umlilie binadamu, umsamehe binadamu.

"Kwani mti hauna shughuli zake?" alizoea kuwauliza wanafunzi.

Ndipo akatunga mchezo wake mwenyewe. Watu wa miaka mia mbili ijayo, waliozaliwa chini ya taa na wasiowahi kuona hata jani, wanafungua chumba na kukuta miche. Wanaisemesha, wanaibembeleza, wanaiimbia. Na miche yenyewe, hai kweli kweli, imewapa mgongo, inafuata taa kubwa iliyofungwa nyuma ya jukwaa. Haina habari nao. Mchezo unaishia hapo. Wenzake idarani walimpachika jina Mama Maharage, na Mkuu wa Idara alisema mbele ya kikao kizima kwamba tangu azaliwe hajaona mwigizaji wa kumwagiliwa maji. Leo saa nane mchana Mkuu huyo huyo angekuja na wenzake wawili kuamua kama ile ni elimu au mchezo wa watoto.

"Nasema, nani ameyafanya hivi?"

"Ni mimi."

Sauti ilitoka juu ya ngazi. Fundi wa taa, ambaye chuo kizima kilimwita Swichi, alikuwa anakaza skrubu ya taa moja darini. Akashuka kidato kwa kidato, akasimama chini huku anajifuta mikono kwenye suruali.  Mwalimu alikuwa hajamwona kwa siku kumi na nne, na hasira zake zote hazikumzuia kuona kwamba mwanamume huyu amekonda, na kwamba shati lile la bluu, alilomshonea kifungo yeye mwenyewe, limepoteza kifungo tena.

Miezi minane walikuwa wanapendana. Walijidai wanaficha, lakini mapenzi ni kikohozi, hata mfagizi wa ukumbi alikuwa anabisha hodi mara mbili. Kisha Shangazi, aliyemlea Mwalimu tangu ana miaka sita, akateleza bafuni akavunjika mguu, na Mwalimu akaenda kumuuguza likizo nzima. Swichi alikuja kumjulia hali mgonjwa mara moja. Baada ya hapo, kimya. Simu hapokei, ujumbe hajibu.

"Taa ya jukwaani ilikuwa na saa yake," Mwalimu alisema. "Nilikuachia kila kitu kimepangwa. Inajiwasha, inajizima. Kazi yako ilikuwa maji tu!"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa hiyo?"

"Nikatumia taa ya chumbani kwangu." Akaonyesha kwa kidevu kule nyuma ya ukumbi, juu ya viti vya mwisho, kwenye dirisha dogo la chumba cha taa.

"Kwa nini?"

Swichi akatazama viatu vyake.

"Nakuuliza kwa nini!"

"Ni kosa langu. Andika hivyo kwenye ripoti yako."

"Na simu zangu? Nazo niziandike kwenye ripoti?"

Hapo Swichi aliinua macho. Yalikuwa macho mekundu, ya mtu aliyekaa sana kwenye mwanga mkali, na yalimtazama Mwalimu bila kupepesa. Lakini maneno yaliyomtoka yalikuwa makavu.

"Mchezo ukiisha naondoka. Nimepata kazi kwenye ukumbi mwingine, mbali kidogo. Basi ni la saa kumi."

"Leo?"

"Leo."

"Na ungeniambia lini? Ukishafika?"

"Nimekuandikia barua."

"Barua!" Mwalimu akacheka kicheko kisicho na raha. "Mtu niliyemwonyesha mchezo wangu kabla sijamwonyesha mtu mwingine yeyote, ananiaga kwa barua. Haya, baba. Nenda. Njia nyeupe."

 Swichi akabeba ngazi yake begani, akatoka nje.

Mwalimu hakulia. Alikuwa na saa sita, na alitaka kujua hiyo saa ya taa ilikuwa na ugonjwa gani. Akapanda ngazi za nyuma hadi chumba cha taa, chumba chembamba ambamo mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Palikuwa na kiti kimoja, mto wa kukalia uliobonyea, na kikombe. Dirishani ilisimama taa kuukuu ya chuma, mdomo wake ukielekea jukwaani moja kwa moja. Kando yake kulikuwa na daftari la taa. Kila taa ya ukumbi ule ikiwashwa au kuzimwa lazima iandikwe humo, saa na sababu, na chini ya kila ukurasa pana mahali pa sahihi ya msimamizi. Swichi hakuwahi kuruka hata mstari mmoja. Mwalimu alikuwa akimtania kwamba siku akifunga ndoa ataiandika humo.

Akafunua.

"Siku ya 1. Laini ya umeme ya jukwaani imeungua. Ufunguo wa chumba cha umeme anao mhandisi, yuko likizo wiki mbili. Nimewasha taa ya chumbani. Inachemka sana, haiachwi peke yake. Nitakaa nayo. Washa saa 12 asubuhi, zima saa 12 jioni."

"Siku ya 2. Washa saa 12, zima saa 12. Nimekaa nayo."

Ya tatu vivyo hivyo. Ya nne. Ya tano.

"Siku ya 6. Yameanza kutoka. Nimezima saa 4 hadi saa 6, nimekwenda kumjulia hali Shangazi. Mwalimu alikuwa ametoka kwenda kununua dawa. Shangazi ameniomba nimwache mtoto wake asonge mbele. Nimekubali. Nimerudi, washa saa 6."

Mwalimu akakaa chini. Hakukiona hata kiti, alikaa tu.

"Siku ya 9. Yameota yote sitini. Angefurahi."

"Siku ya 11. Yananigeukia. Najua hakutaka hivi. Lakini nikizima yatakufa."

Siku kumi na nne, saa kumi na mbili kila siku! Likizo yake yote mtu yule ameimalizia kwenye kibweta hiki, anailinda taa isiwashe moto ukumbi, ili maharage ya mwanamke ambaye yeye amekatazwa hata kumpigia simu yasife. Na yeye amemwambia nini leo asubuhi? Njia nyeupe. Machozi yakamtoka mawili matatu, akayafuta kwa kiganja, akajipuliza pua. Kisha akasimama. Yeyote aliyemfahamu Mwalimu akaona namna alivyosimama angeanza kumwonea huruma Shangazi.

Jukwaani alimkuta mwigizaji wake mkuu, msichana wa mwaka wa tatu aliyeitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukupumzika, anayazunguka maharage na kusikitika.

"Mwalimu, si tugeuze sanduku?"

"Limepigiliwa misumari sakafuni. Tukiling'oa mizizi inakatika."

"Basi tugeuze watazamaji," Kasuku akasema, anacheka. "Hao hawajapigiliwa misumari."

Mwalimu akamtazama. Akaitazama miche, akalitazama dirisha dogo kule nyuma, akamtazama tena Kasuku.

"Rudia ulivyosema."

"Nilikuwa natania, Mwalimu!"

"Wewe endelea kutania, mimi nabeba viti."

Na akabeba kweli. Wanafunzi walipofika walimkuta amevua viatu, ameshapandisha viti kumi jukwaani na kuvipanga nyuma ya sanduku, vikielekea kule ambako daima hukaa watu. Hadi adhuhuri vilikuwa arobaini. Mhandisi alikuwa amerudi kazini, akafungua chumba chake cha umeme, na ile taa kubwa ya nyuma ya jukwaa ikapata uhai. Mwalimu akamwita Kasuku pembeni, akamnong'oneza jambo, na Kasuku, kwa mara ya kwanza tangu aandikishwe chuoni, akakosa la kusema.

Swichi alirudi na kusimama mlangoni.

"Mwalimu, hivi viti ni vya nani?"

"Vya watazamaji."

"Kutoka hapo wataona nini?"

"Wataona kile miche inachokiona."

"Kule kuna chumba changu tu."

"Wewe washa taa yako, fundi. Mambo ya maonyesho niachie mimi."

Alitaka kuuliza zaidi, lakini Mwalimu alikuwa ameshampa mgongo, maana angeendelea kumtazama angemkimbilia mbele ya darasa zima.

Saa saba na nusu Shangazi aliwasili kwa magongo mawili, na jirani amemshika kiuno. Alikuwa mkunga mstaafu aliyepokea nusu ya watoto wa mji ule, na watu wazima wote aliwasemesha kana kwamba yeye ndiye aliyewakata kitovu. Mwalimu akamkalisha kwenye benchi la mlangoni, akamshukuru jirani, akapiga magoti kumsawazishia mguu.

"Shangazi, ulimwambia nini fundi wa taa?"

"Fundi yupi? Mafundi ni wengi."

"Shangazi!"

"Nilimwambia ukweli. Ulitaka nimdanganye?" Shangazi akayalaza magongo mapajani. "Marehemu baba yako alikuweka mikononi mwangu ukiwa na meno ya utoto. Nikasema, mtoto huyu atasoma mpaka vitabu vimkimbie. Umesoma. Sasa unaniletea mwanamume wa kupanda ngazi? Leo yuko juu, kesho yuko chini. Digrii hana hata ya kuazima. Na halafu anafanya kazi gizani. Mara zote nilizokuja hapa kutazama michezo yako sijawahi kumwona uso. Mtu usiyemwona uso utamjuaje?"

"Si alikuja nyumbani kukuona?"

"Aliinamisha kichwa muda wote. Niliona utosi."

Mwalimu alikuwa karibu kucheka, lakini uchungu ukamshinda. "Na ulipomkataza, alibisha?"

"Hata kidogo. Alisema, 'Sawa, Mama.' Akaacha matunda mezani, akaenda zake." Sauti ya Shangazi ikapungua nguvu kidogo. "Mwanamume asiyejipigania atakupigania wewe?"

"Alikuwa anawahi kurudi kazini kwangu, Shangazi."

"Wewe mtoto sikiliza. Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu, najua. Lakini guu lililovunjika ni lako."

Shangazi akamkata jicho. Kisha midomo ikamcheza, akageukia ukutani ili asionekane anacheka.

"Shangazi," Mwalimu akasema, ameishika ile mikono iliyomlea, "leo nitasema neno langu mbele ya watu. Nakuheshimu, ndiyo maana nakuambia kabla. Ukilikubali nitafurahi. Ukilikataa nitaumia, na kesho nitakuja kukufunga bandeji kama kawaida. Ila neno lenyewe halitabadilika."

"Unataka kunitia aibu?"

"Nataka kukuonyesha uso."

Saa nane kamili wageni walipandishwa jukwaani, wakaketi huku wanashangaa kuviangalia viti vitupu mbele yao. Mkuu wa Idara alikaa katikati, mikono imekunjwa. Shangazi aliwekwa mstari wa mbele, mguu juu ya kigoda, hatua mbili tu kutoka kwenye miche. Ukumbi ukazimwa. Mbali kule, juu ya viti vya mwisho, mwanga mmoja wa njano ukawaka, na migongo sitini ya maharage ikaonekana imeuinamia.

Waigizaji waliigiza kama waliokunywa dawa. Kasuku, mwana wa miaka mia mbili ijayo, aliisemesha miche, akaibembeleza, akapiga magoti, akaimba mpaka sauti ikamkauka. Hakuna jani lililomjali. Mwishoni akakaa sakafuni karibu na magongo ya Shangazi, akasema maneno ya mwisho ya mchezo, kwa sauti ya chini: "Hawatuchukii. Wana shughuli zao tu."

 Kisha Mkuu wa Idara akapiga makofi, akaanza polepole, na jukwaa zima likamfuata.

"Mwalimu," akasema makofi yalipotulia, "hoja yako nimeiona, tena kwa macho. Nafuta ile kauli yangu ya mwigizaji wa kumwagiliwa maji. Lakini nina swali. Mwanga huo uko mbali mno. Kwa nini hukuwasha taa hapa hapa karibu?"

"Iliungua, Mkuu. Niliondoka kumuuguza mama yangu huyu hapa, na ikaungua siku hiyo hiyo." Mwalimu akafungua daftari la taa.  "Naomba nisome kilichotokea."

Akasoma. Siku ya kwanza. Ya pili. Alipofika ya sita, Shangazi alishusha macho. Alipofika ya tisa, kwenye lile neno "angefurahi", Kasuku alikuwa analia waziwazi bila kujifuta. Akamaliza ya kumi na moja, akafunga daftari, akampa Kasuku ishara.

Taa kubwa ya nyuma ya jukwaa ikawaka. Mwanga ukapita juu ya vichwa vya watu wote, ukavuka viti vitupu, ukagonga dirisha la chumba cha taa. Pale alisimama Swichi, mkono mmoja juu ya taa yake, mwingine umekinga macho. Miaka yote aliyowamulika wengine hakuna aliyewahi kummulika yeye. Polepole akaushusha mkono.

"Naomba nisieleweke vibaya," Mwalimu akasema. "Miche haimpendi. Miche haimpendi mtu yeyote, hiyo ndiyo hoja yangu na siibadilishi. Imefuata mwanga, basi."  Akainua uso kuelekea dirishani. "Anayempenda ni mimi. Nampenda, na nimemtukana leo asubuhi aliponiaga kwamba anasafiri, na nasema haya mbele ya mwajiri wangu na mbele ya aliyenilea ili asije mtu akasema sikusema."

Watu walikuwa hawajui watazame wapi. Shangazi peke yake alikuwa anatazama mahali pamoja, kule juu, amekaza macho kama anavyokagua mtoto mchanga, paji la uso, macho, kidevu. Alikagua muda mrefu. Kisha akashika magongo yake na kusimama, na jirani alipotaka kumsaidia akamsukuma.

"Wewe wa juu!"

"Naam, Mama." Sauti ya Swichi ilifika imepwaya.

"Saa kumi na mbili kwa siku ulikaa na hiyo taa?"

"Ndiyo, Mama. Haiachwi peke yake."

"Mbona hukuniambia nilipokufukuza?"

"Hukuniuliza, Mama. Na ulikuwa mgonjwa."

Shangazi akatikisa kichwa. Hakuna aliyejua kama amekasirika au vipi, hata Mwalimu, aliyeishi naye miaka ishirini na minane.

"Nasikia una safari. Basi lako la saa ngapi?"

"Saa kumi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro robo, na kituo cha mabasi kilikuwa mwendo wa dakika tano kwa miguu. Shangazi hakuiangalia.

"Limeshakuacha," akasema. "Shuka."

Wanafunzi walilipuka. Kasuku alipiga vigelegele mpaka Mkuu wa Idara akaziba sikio moja. Katikati ya makelele yale Swichi alizima taa yake, akangoja kidogo kuona imepoa, maana ndivyo alivyo, ndipo akashuka ngazi za nyuma na kuvuka ukumbi mzima uliojaa viti vitupu. Alipofika ukingoni mwa jukwaa alisimama chini, na Mwalimu alisimama juu, maharage yakiwa kati yao.

"Nilikuwa na maneno mengi njiani," Swichi alisema. "Yote yameanguka."

"Utayaokota. Tuna muda."

"Naomba daftari langu basi. Sijaandika ya leo."

Mwalimu akainama, akampa daftari na kalamu. Swichi akaliweka juu ya ukingo wa sanduku la udongo, akaandika kwa mwandiko wake ule ule ulionyooka: "Siku ya 15. Zima saa 10 kasoro dakika 10. Basi limeniacha."

Mwalimu alisoma kichwa chini, kutoka upande wake. Akaichukua kalamu mkononi mwake, na chini ya ukurasa, mahali pa msimamizi, akatia sahihi.